Kuovakloki Kompyuta ya Zamani kwenye Joto la Mombasa

Miongozo mingi ya kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani, imeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Mombasa wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, nje hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na chumba kilicho chini ya mabati hupita hapo. Tofauti hiyo haipotei njiani. Chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi moja. Ndiyo maana kazi hii ikifanyiwa pwani ina mpangilio wake: upoaji kwanza, umeme pili, namba za BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta) mwisho. Anayeanza na namba huishia kuilaumu prosesa isiyo na kosa.

Je, mashine yako inakubali?

Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa mjini ni Dell OptiPlex na HP Compaq zilizotoka maofisini. Ni mashine imara, lakini BIOS zake hazina mahali pa kubadilisha kasi. Ukiingia humo ukatafuta FSB, yaani kasi ya njia inayounganisha prosesa na sehemu nyingine, usiione popote, basi njia ya kawaida imefungwa. Kuna programu ya SetFSB inayobadilisha kasi ukiwa ndani ya Windows, ila inataka ujue namba ya chipu ya saa (inayotoa mapigo yanayoamua kasi) iliyo kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Chipu hiyo hukaa karibu na kristali iliyoandikwa 14.318, na katika mashine za maofisini mara nyingi inakuwa imefungwa. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba ukiwasha upya kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Wako pia wanaoziba pini ya prosesa kwa tepe ili madabodi idhani imewekewa prosesa yenye FSB kubwa zaidi. Hatuipendekezi kwa anayeanza. FSB huruka mara moja, kwa mfano kutoka 266 hadi 333, bila kituo cha katikati, na volteji huna namna ya kuigusa.

Zinazofaa ni madabodi zilizouzwa peke yake, si ndani ya kompyuta nzima: Gigabyte, ASUS, MSI, ASRock. Kwa soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA775, chipseti za P35 na P45, yaani chipu za madabodi zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine, ndizo bora. G31 na G41 hukubali pia, ila huchoka mapema. Kwa mashine za mwaka 2011 na miaka michache iliyofuata habari ni nyingine: Intel ilifunga kila kitu kwenye saa moja ya 100 MHz, ukiipandisha kupita 103 au 105 hivi diski na USB huanza kuyumba. Huko unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni, kama i5-2500K, na madabodi ya P67 au Z68. i5-2400 kwenye H61 iache ilivyo. Walio na AMD ya soketi ya AM3 wana saa ya msingi ya 200 MHz, na zile za Black Edition zimefunguliwa kizidisho (namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata kasi), kwa hiyo kazi yao ni nyepesi zaidi.

Mfano tutakaoufuata hapa ni Pentium E5200 ya mwaka 2008 na RAM za DDR2-800. Ni prosesa ya bei ndogo yenye nafasi kubwa ya kupanda, na kwa majaribio hakuna mwalimu bora kuliko yeye.

Hesabu yake ni hii: FSB 200 MHz mara kizidisho 12.5 ni 2500 MHz. Kizidisho hakipandi, kwa hiyo unachocheza nacho ni FSB. Kwa 220 unapata 2750. Kwa 240 unapata 3000. Kwa 266 unapata 3325, yaani theluthi moja juu ya kasi ya kiwandani.

Theluthi hiyo utaiona wapi? Kwenye kugeuza video, kufungua mafaili makubwa ya zip, michezo ya zamani inayotegemea prosesa. Ikiwa tatizo lako ni kivinjari kinachojikokota ukifungua kurasa kumi, dawa yake ni kuongeza RAM na kuweka SSD, na ovakloki haitakusaidia. Fanya hayo kwanza. SSD hufanya kazi hata kwenye SATA ya zamani ya gigabiti 3, na tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Kusafisha na kupoza

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

Vumbi la Mombasa lina unyevu na chumvi, haswa nyumba zinazoelekea bahari. Kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale huongezeka unga wa chokaa unaodondoka ukutani. Vumbi kama hilo halitoki kwa kupuliza tu, hushikana na mapezi ya hitisinki, chuma cha kupozea prosesa, likawa tabaka. Ng'oa hitisinki kabisa, tenganisha na feni, kisha tumia brashi ya rangi ya nusu inchi. Ukitumia bloa, ishike feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu bearingi huharibika na feni huweza kurudisha umeme kwenye madabodi.

Hitisinki ya LGA775 hushikwa na pini nne za kusukuma. Kuifungua, zungusha kila kichwa robo mzunguko kufuata mshale, kisha vuta juu. Kuirudisha, zungusha vichwa kinyume cha mshale kwanza, viweke kwenye matundu, halafu sukuma kwa mshazari: moja, kisha ya upande wa pili, kisha mbili zilizobaki. Kila moja ilie "tik". Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pini moja isiposhika, hitisinki huinama kidogo, na prosesa inayopaswa kuwa nyuzi 55 inasoma 80. Geuza madabodi uangalie nyuma: ncha nyeupe za pini zote nne ziwe zimetokeza na zimepanuliwa na ile nyeusi ya katikati.

E5200 ilikuja na hitisinki fupi ya alumini tupu. Kwa hali yetu hiyo ni ndogo. Tafuta kwa mafundi ile ndefu yenye shaba katikati, iliyokuja na prosesa zilizokuwa na joto zaidi za soketi hiyo hiyo. Ukichagua, angalia kipimo: matundu ya LGA775 yako umbali wa milimita 72, na ya LGA1155 na LGA1156 ni milimita 75. Zinafanana kwa macho, lakini hazibadilishani.

Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, huwa imekauka kama udongo. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya jeraha inayouzwa kwa chemisti mara nyingi huchanganywa na mafuta ya mbarika, nayo huacha utelezi unaozuia joto, kwa hiyo soma chupa kwanza. Paka pesti mpya kiasi cha punje moja ya dengu katikati ya kifuniko cha prosesa, usiisambaze, hitisinki yenyewe itaisambaza ikikandamiza. Pesti nyingi haipozi zaidi. Kazi yake ni kujaza vijitundu tu, na ikizidi inakuwa kizuizi.

Mkiwa hapo, toeni RAM na msugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha mpanguse. Hewa ya chumvi huyafanyia ukungu, na kompyuta nyingi zinazokataa kuwaka baada ya kusafishwa zinadai hilo tu. Feni ya nyuma ya kasha nayo ihakikishwe inatoa hewa nje. Weka mkono: ukihisi upepo unaingia, imefungwa kinyume.

Umeme

Prosesa iliyovutwa hadi mwisho wake haivumilii umeme unaopanda na kushuka. Weka UPS, au angalau stabilaiza, na hakikisha ekstensheni yako ina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Ukikatika umeme, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka tena. Pawasaplai yenye swichi ya 115/230 nyuma ibaki kwenye 230. Ikihamishwa kwenda 115 kwa umeme wetu wa volti 240, italipuka mara moja.

Pima pawasaplai ikiwa na mzigo. Chukua multimita, weka kwenye volti za DC, chomeka ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya diski na nyekundu kwenye waya wa njano. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 kila upande: waya wa njano uwe kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma 11.5 kabla hujaovakloki, ijapokuwa iko ndani ya kipimo, usiendelee nayo, kwa sababu ukiiongezea mzigo itatoka. Ibadilishe, usiifungue: kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa.

Angalia pia kapasita za madabodi zilizozunguka prosesa. Juu ziwe bapa. Iliyovimba au iliyotoa uchafu wa kahawia imekwisha, na madabodi hiyo haifai kwa zoezi hili hadi fundi azibadilishe.

Kipimo cha mwanzo

Kabla ya kubadilisha chochote, hamisha mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine. Ovakloki isiyo imara huharibu data kimya kimya, na unaweza kugundua wiki mbili baadaye. Kisha piga picha za simu za kila ukurasa wa BIOS.

Sakinisha CPU-Z ya kuonyesha kasi, Core Temp ya kusoma joto na Prime95 ya kuibebesha prosesa mzigo. Kwenye Linux, lm-sensors na stress-ng zinatosha, na Prime95 ipo pia. Endesha Prime95 kwa "Small FFTs" dakika 30 na uandike joto la chumba na joto la prosesa. Fanya hivi kati ya saa saba na saa kumi mchana. Jaribio la usiku wakati wa kusi, Julai, chumba kikiwa na nyuzi 24, halisemi lolote kuhusu mchana wa Machi.

Katika Core Temp usishughulike sana na namba ya joto yenyewe, angalia "Distance to TjMax", yaani nyuzi zilizobaki kabla prosesa haijaanza kujipunguza kasi. Kipimo hicho ndicho sensa inachokitoa moja kwa moja. Tunataka kibaki 25 au zaidi, mzigo ukiwa kamili, saa ya joto kali. Kikiwa chini ya 30 hata kabla ya kuovakloki, rudi kwenye hitisinki. Utaona pia sensa za kizazi hiki cha nanomita 45 hukwama zikiwa hazina kazi: kiini kimoja hukaa kwenye namba ileile bila kushuka. Si hitilafu. Zikibebeshwa mzigo husoma vizuri. Na ile nyuzi 74.1 iliyoandikwa na Intel kwa E5200 ni ya juu ya kifuniko, si ya ndani ya viini, kwa hiyo usiilinganishe na inachoonyesha Core Temp.

Ndani ya BIOS

Bonyeza Delete kompyuta inapowaka. Kwa Gigabyte za zamani menyu inaitwa M.I.T., na kwa baadhi yake bonyeza Ctrl na F1 pamoja ndipo mistari iliyofichwa itokee. Kwa ASUS, badilisha "AI Overclocking" iwe "Manual". Kwa MSI tafuta "Cell Menu".

Anza kwa kufunga milango inayovuja. PCI Express iweke 100 MHz na PCI 33.3, zisiachwe kwenye "Auto", kwani zikifuata FSB diski huanza kuandika vibaya. Zima "Spread Spectrum". Zima kwa muda EIST na C1E ili kasi isipande na kushuka wakati unajaribu, ukimaliza utaziwasha. Feni ya prosesa iende kasi kamili.

RAM ishushe. Huu ndio ufunguo ambao wengi huusahau: FSB ikipanda, RAM nayo hupanda, na kompyuta ikiganda hujui nani kaganda. Chagua kizidisho kidogo kabisa cha RAM ili iwe mbali na mpaka wake wa 800 wakati wote wa majaribio. Volteji yake ibaki 1.8.

Volteji ya prosesa toa kwenye "Auto". Madabodi nyingi zikiachiwa "Auto" hujiongezea volti kwa hofu, na joto linapanda bila sababu. Soma VID, yaani volteji ambayo prosesa yenyewe inaiomba, katika Core Temp, kisha uandike namba hiyo hiyo kwa mkono.

Sasa panda. FSB 210, hifadhi, washa, Prime95 dakika 10. Kisha 220, 230, 240, kila moja kwa jaribio lake. Kuanzia hapo nenda kwa hatua ya 5. E5200 nyingi hufika 240, yaani gigahezi 3 kamili, bila kuongezewa volti hata kidogo, na kwa chumba cha Mombasa kisicho na AC hapo ni pazuri sana pa kukaa. Asilimia 20 ya bure, joto limepanda kidogo tu.

Ukitaka 266, huenda ikakubidi kuongeza volti, na hapa hesabu hubadilika. Umeme unaoliwa na prosesa hufuata kasi mara volteji mara volteji tena. Kutoka 2500 hadi 3325 ni mara 1.33. Ukiongeza volti kutoka 1.20 hadi 1.30, hiyo peke yake ni mara 1.17. Zidisha: 1.56. Kasi imeongezeka theluthi, joto limeongezeka zaidi ya nusu. Upeo uliotajwa na Intel kwa VID ya familia hii ni 1.3625, lakini kwa pwani sisi tunasimama kwenye 1.30. Ongeza kwa hatua ndogo kabisa inayoruhusiwa, jaribu baada ya kila hatua, na usishangae CPU-Z ikionyesha pungufu ya ulichoandika pale mzigo unapoingia. Madabodi zimeundwa hivyo. Usifidie upungufu huo kwa kuongeza.

Ikikataa

Prime95 ikisimamisha kiini kimoja na ujumbe wenye maneno "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", prosesa imekosea hesabu. Ama volti ni ndogo kwa kasi hiyo, ama joto limezidi. Tazama nyuzi zilizobaki kwanza. Zikiwa zaidi ya 25, ongeza volti hatua moja. Zikiwa chache, shusha FSB kwa 5, kwani kuongeza volti kwenye prosesa iliyochemka ni kuizidishia.

Skrini ya buluu au kompyuta kujiwasha upya ghafla bila ujumbe, shuku volti ya prosesa au pawasaplai. Pima tena waya wa njano mzigo ukiwepo.

Prime95 ikipita kwa "Small FFTs" lakini ikafeli kwa "Blend", shuku RAM au chipseti. Endesha MemTest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja tu ni nyingi mno.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, feni zinazunguka na skrini ni nyeusi, usiogope. Nyingi zitajirudisha zenyewe ukiziwasha mara mbili tatu. Isipojirudisha, chomoa waya wa umeme, hamisha jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya CLR_CMOS kutoka pini 1-2 kwenda 2-3 kwa sekunde 10, kisha irudishe. Pasipo na jampa, toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa. Kila kitu kitarudi cha kiwandani, nawe una picha zako.

Kuna hali moja inayochanganya: inapita 255, inakataa 260 hata ukiongeza volti. Huo ni ukuta wa FSB, na mara nyingi kwa G31 na G41 mwenye kukataa ni chipseti, si prosesa. Shika hitisinki yake ndogo kwa kidole. Ikiwa huwezi kuvumilia sekunde tatu, ielekezee feni ndogo ya milimita 80 kabla hujakata tamaa. Volteji yake usiiguse.

Ukishapata kasi yako

Shuka hatua moja chini ya ile ya mwisho iliyopita. Rudisha RAM juu hadi ikaribie 800 bila kuizidi: kwa FSB 266 kizidisho 3.0 kinakupa 798, na kwa 240 chagua kinachotoa namba iliyo karibu. Endesha MemTest86+ mizunguko miwili kamili, kisha Prime95 "Blend" saa nane zinazopitia mchana wote. Ikipita bila kosa hata moja, washa tena EIST na C1E. Kompyuta ikiwa haina kazi, EIST itashusha kizidisho hadi 6, nayo itapoa na kula tokeni kidogo.

Wenye chumba chenye joto kupita kiasi, au hitisinki isiyoweza kubadilishwa, wanaweza kufanya jaribio la kinyume: waache kasi ya kiwandani na washushe volti hatua kwa hatua hadi Prime95 ikosee, kisha wapandishe hatua mbili. Vipimo ni vilevile, faida yake ni feni tulivu na mashine inayodumu. Kwa kompyuta ya duka inayokaa wazi kutwa, tungechagua hii.

Safisha mapezi kila miezi miwili au mitatu, na rudia dakika 30 za Prime95 kaskazi ikianza, kwenye Desemba. Na ikiwa asubuhi moja CPU-Z inaonyesha tena 2500 bila wewe kugusa kitu, pima betri ya CR2032 kabla ya jambo lolote. Mpya ni volti 3 na zaidi kidogo, na ikishuka karibu na 2.7 BIOS husahau mipangilio kila umeme unapokatika.